Safari za Gulliver hazikuandikiwa watoto

Wengi wanamjua Gulliver kama lile jitu lililofungwa kamba ufukweni na vijitu visivyofika hata inchi sita, basi kitabu kizima wakakiweka kwenye rafu ya watoto. Sivyo. Jonathan Swift, kasisi mkuu wa kanisa la St Patrick's mjini Dublin, alikitoa London mwaka 1726 bila jina lake, akiwalenga watu wazima, hasa wenye madaraka.

Huko Lilliput, nchi ya vijitu hivyo, anayetaka cheo serikalini hucheza juu ya kamba. Anayeruka juu zaidi bila kuanguka ndiye anayekipata. (Usiseme umemkumbuka mtu.) Watu 11,000 wamekubali kufa kuliko kuvunja yai upande mwembamba, na hapo Swift alikuwa akidhihaki ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti.

Dhana kwamba hiki ni kitabu cha watoto imetokana na matoleo yaliyofupishwa. Mengi huchukua sehemu mbili za mwanzo kati ya nne, kisha huzisafisha: jumba la malkia linapowaka moto, Gulliver wa Swift huuzima kwa mkojo, jambo ambalo wahariri wengi hulipitia mbali.

Kinachopotea zaidi ni sehemu ya nne. Farasi wenye akili ndio wanaotawala, na Yahoo, viumbe wachafu wenye tamaa, wana umbo letu. Gulliver anarudi Uingereza akiwa hastahimili harufu ya mkewe. Ananunua farasi wawili, na kila siku huzungumza nao zizini si chini ya saa nne.