Nani kakwambia Dodoma haina sanaa ya mtaani?

Jumamosi iliyopita nilikuwa juu ya mirunda kule Nkuhungu, namalizia kuchora sharubu za simba kwenye ukuta wa kinyozi, dogo mmoja wa chuo akasimama chini na simu yake. Akapiga picha, akapiga nyingine, halafu akasema, kwa nia njema kabisa: "Kaka, shida ya Dodoma hatuna sanaa ya mtaani. Ungekuwa Nairobi wewe ungefika mbali."

Nikashuka. Si kwa hasira, rangi ilikuwa imeisha kwenye kopo. Lakini maneno hayo mwaka huu nimeshayasikia mpaka basi. Niliambiwa na mteja aliyetaka ukuta "wa kisasa, ule wa graffiti, ila usiwe wa kihuni" (graffiti ni hayo majina na michoro watu wanayoiacha ukutani). Niliambiwa na shemeji yangu, ambaye ubavuni mwa nyumba yake pameandikwa NYUMBA HII HAIUZWI kwa mkono wangu mwenyewe, na shukrani sijaipata hadi leo. Sasa naandika. Atakayeniambia tena nitamtumia kiungo cha ukurasa huu nirudi kwenye sharubu zangu.

Imani yenyewe ina miguu miwili. Wa kwanza unasema sanaa ya mtaani ni rangi ya kupuliza na herufi zilizovimba kama maandazi. Wa pili unasema hayo ni mambo ya Wamarekani, sisi tunaiga tu. Nianze na wa pili kwa sababu hauna kazi kubwa.

Machata, yaani kuandika jina lako la mtaani kila ukuta unaoupitia, yalishika kasi Philadelphia na New York mwishoni mwa miaka ya 1960. Sibishi. Julai 1971 gazeti la New York Times liliandika habari za kijana aliyejiita TAKI 183. Taki ni ufupisho wa jina lake la Kigiriki, 183 ni namba ya mtaa aliokaa. Alikuwa tarishi, kazi ilimzungusha mji mzima, na kila alipofika aliacha jina. Sasa angalia alichotumia: makapeni. Huyo ambaye dunia nzima inamtaja kila inapoeleza mwanzo wa graffiti alikuwa na makapeni mfukoni, na herufi zake zilikuwa nyembamba kama za mwanafunzi wa darasa la nne. Maandazi yalikuja baadaye. Mnaoniambia bila kopo la kupuliza si graffiti, mkazungumze naye.

Na kabla hatujaondoka kwenye "kuiga": mwaka 1968 mtu wa Tunduru, Edward Said Tingatinga, alianza kuchora wanyama Dar es Salaam kwa rangi ya kung'aa, ile ya baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa dari. Akauzia nje, pale Oysterbay, kwa wapita njia. Hakuwa na shule ya sanaa wala ukumbi wa maonyesho. Alifariki 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mtu mwingine, akaacha aina ya uchoraji inayoitwa kwa jina lake. Leo picha za aina hiyo zinaitwa sanaa ya Tanzania, zinauzwa hotelini. Siku zile kilikuwa ni kitu cha barabarani chenye rangi ya baiskeli.

Basi. Mguu wa kwanza. Habari ya kopo TAKI ameshaijibu, linalobaki ni nini hasa kinaitwa sanaa ya mtaani.

Ukisoma maelezo mengi utakuta mgawanyo safi: ukichora bila ruhusa hiyo ni graffiti, ukichora kwa ruhusa na malipo hiyo ni picha ya ukutani, sanaa ya mtaani iko mahali fulani katikati. Kwenye karatasi inakaa vizuri sana. Ulete Dodoma uone inavyopepesuka. Ruhusa ya nani?

Chukua alama inayosomwa kuliko zote kwenye kuta za nchi hii. Si simba wangu. Ni X. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu ikawa mita 60, thelathini kila upande kutoka katikati, na nyumba zilizoangukia humo zikawekewa alama. X nyekundu maana yake wewe uliifuata barabara, bomoa mwenyewe, fidia hakuna. X ya kijani maana yake barabara ndiyo iliyokufuata wewe, subiri fidia. Mistari miwili ya brashi, dakika moja ya kazi, na rangi peke yake ndiyo inayoamua kama familia inalala usingizi. Mimi nina miaka ya kuchanganya rangi na sijawahi kuchora kitu ambacho mwenye nyumba alitoka nje akakisoma kwa makini namna hiyo. Mwenye ukuta aliombwa ruhusa? Hakuombwa. Ni halali? Ni halali kabisa. Uniambie inakaa kwenye boksi gani.

Chukua upande mwingine. Kampuni ya simu inakuja kwa mwenye duka, inampakia duka lote rangi yake bure, mbele, ubavuni, mpaka kontena la jirani. Mwenye duka anafurahi, kuta zilikuwa zimeanza kubabuka. Ruhusa ipo, imeandikwa. Lakini mama anayefungua dirisha lake upande wa pili kila asubuhi anakutana na nyekundu ya kampuni futi ishirini, na hakuna aliyemuuliza. Ukuta una mwenyewe, macho nayo yana wenyewe.

Halafu kuna nguzo za umeme. MGANGA, namba ya simu, mapenzi, kesi, mali iliyopotea. Hakuna ruhusa hata kidogo. Kwa kipimo cha vitabu hao waganga ndio wachoraji wa graffiti halisi wa Tanzania: wanatembea usiku, wanatumia sura moja ya herufi, wanarudia jina lao mji mzima. Ni TAKI 183 na tunguri.

Kuna na mpaka mwingine ambao hakuna msomi aliyeuchora, umechorwa na ushuru. Nikikuchorea simba ukutani kwako, hiyo ni picha. Nikiandika chini yake SIMBA HAIR CUTS, hilo ni tangazo na linaweza kudaiwa. Simba ni yule yule. Wateja wajanja wananiambia, "Fundi, niwekee simba tu, watu wanajua." Ndiyo maana kuna vinyozi hapa mjini vyenye nyuso nne za wanamuziki na hakuna jina. Mgeni anadhani ni upenzi wa muziki.

Kwa hiyo mimi ruhusa nimeiacha kuwa kipimo. Ninachouliza ni kitu kimoja: mtaa unaweza kujibu? Picha iliyo ndani ya hoteli haijibiwi. Bango la chuma lililoko juu ya nguzo ya mita kumi halijibiwi, labda uwe na ngazi. Ukuta wa usawa wa kifua, mahali watu wanapita na mkaa, chaki, msumari, hasira na utani, huo unajibiwa. USIKOJOE HAPA, FAINI 50,000. Chini yake mtu kaandika kwa mkaa: RISITI IPO? Hapo ndipo sanaa ya mtaani inapoanzia kwangu. Haina urembo wowote, na hata mwenye mkaa hajijui kwamba ni msanii. Lakini mtu amesema, na mwingine asiyemjua amemjibu, hadharani, bila kumlipa mtu na bila kupitia kamati.

Najua inakonifikisha hoja hii, na sipapendi. Kwa kipimo changu mwenyewe, sehemu kubwa ya kazi zangu si sanaa ya mtaani. Simba wa kinyozi hajibiwi, watu wanamheshimu. Zabibu ninazochora (Dodoma hii kila mteja anataka zabibu, hata muuza betri) hazijibiwi, watu hawazioni tena. Mimi ni fundi wa kuta za watu. Nakula kwa ruhusa.

Na kuna swali jingine. Mbona nikihesabu wenzangu wanaopanda mirunda hapa mjini sipati wanawake? Mtu atasema ni urefu, ni jua. Sidhani. Mama zetu wanaandika hadharani kila siku, ila wanaandika kwa kuvaa. Kanga inamsema jirani, jirani anakwenda dukani kutafuta kanga ya kumjibu. Ni majibizano yale yale, na pengine makali kuliko ya mkaa. Labda nimeangalia kuta kwa muda mrefu nikasahau kwamba ukuta wenyewe ni sehemu ambayo mwanaume anaweza kusimama usiku bila kuulizwa anafanya nini.

Kondoa sasa, maana najua kuna mtu ameshaanza kuandika maoni.

Kila nikisema tuna mambo yetu, anatokea mzalendo wa kusema sanaa ya mtaani tuliivumbua sisi Kondoa maelfu ya miaka iliyopita. Polepole. Michoro ya miamba ya Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, si ya mtaani kwa sababu pango si mtaa, na hatujui waliochora walikuwa wanaongea na nani. Mungomi wa Kolo, moja ya mapango hayo, watu wanakwenda kutambika mpaka leo. Ukimwambia anayetambika pale kwamba hiyo ni graffiti ya mababu umemkosea adabu.

Lakini fundi akifika pale anaona vitu ambavyo mwongoza watalii anavipita. Mimi niliona rangi. Wekundu ule ni udongo wenye chuma, oksidi ya chuma. Nenda duka lolote la vifaa pale Majengo uombe redi oksaidi ya kupaka geti kabla ya rangi ya mwisho: ni ukoo mmoja. Ndiyo maana umedumu. Jekundu ninalonunua kwenye kopo la bei nafuu kwa ajili ya midomo ya wanamuziki wa kinyozi, jua la Dodoma linaligeuza pinki kabla mwaka wa pili haujaisha, nami narudi kupigiwa kelele. Siku hizi kwa kuta zinazotazama magharibi nachanganya redi oksaidi kidogo. Haing'ai vile, mteja ananuna, lakini mwaka wa tatu ananipigia kunishukuru. Hilo nimefundishwa na Kolo, si na chuo.

Kitu cha pili: pale kuna michoro myeupe iliyopakwa kwa vidole juu ya ile myekundu. Waliokuja baadaye, walioishi kwa jembe na mifugo, walikuta ukuta una maneno ya wawindaji, wakaweka ya kwao juu. Walikuwa wanajibu? Walikuwa wanafuta? Au hawakujali kilichokuwepo? Nilikaa pale kwenye kivuli saa nzima na sikupata jibu, na nimeona maelezo ya watu waliopata jibu kirahisi mno.

Swali la mwisho ninaloulizwa na wafadhili wa miradi, wenye makoti ya mifuko mingi, ni kama michoro inabadilisha jamii. Nilichora shule moja hapa mkoani ukuta wa kunawa mikono: mtoto, sabuni, bomba linatiririka, hatua zote. Nilimaliza siku tatu. Pembeni ya ukuta huo bomba la kweli lilikuwa kavu, na siku zote tatu nilikuwa nasafishia brashi kwa maji ya dumu niliyoyanunua. Siku ya kuondoka nilimkuta mtoto wa darasa la pili hivi amesimama mbele ya bomba la ukutani, mikono ameikinga chini ya maji yangu ya bluu, anaisugua. Alikuwa anacheza. Nikapiga picha, wafadhili wakaipenda sana, wakaiweka kwenye ripoti. Sijui nilibadilisha nini pale. Bomba la kweli nilipopita tena mwaka uliofuata lilikuwa bado kavu, la kwangu limeanza kupauka.

Kwa hiyo, dogo wa chuo, turudi Nkuhungu. Ulipoondoka ungekata kushoto, nyuma ya mashine ya kusaga, ungekuta ukuta wa tofali za saruji. Mwenyewe ni mzee mmoja aliyechoshwa na madalali. Miaka miwili iliyopita aliniita nimwandikie, rangi ya mafuta, herufi za futi moja: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. OGOPA MATAPELI. Baada ya mwezi pakaongezwa chini kwa mkaa: TULISHANUNUA.

Mzee akaniita tena, mkali. "Fundi, andika upya, kubwa zaidi." Nikaweka herufi za futi mbili, nikaongeza namba ya simu ya mwenyekiti wa mtaa kama alivyotaka. Kulipopambazuka mkaa ulikuwa umesharudi: NAYE ALISHIRIKI.

Mara ya tatu nilikwenda na ndoo ya nyeupe nikijua naagizwa kufuta vyote. Nikakuta mzee ameshatoa kiti nje, amekaa anausoma ukuta wake, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nikamuuliza nianzie wapi. Akaangalia ndoo, akaangalia ukuta, akasema, "Shikamoo yako sijaisikia." Nikamwamkia. Akaniagizia chai. Ndoo nilirudi nayo nyumbani haijafunguliwa, na hela ya nauli akanipa.