Tunachanga mtu akishafariki: dhana potofu kuhusu wakulima na afya ya akili

Ofisini kwetu hapa Dar mchango wa msiba haujawahi kutushinda. Taarifa ikiingia kwenye grupu la WhatsApp asubuhi, mpaka saa nane mchana mhasibu ana orodha, watu washatuma kwa simu na Noah ya kwenda kuzika imepatikana. Mwaka jana nikaomba tutumie mtindo huohuo kwa watu walio hai, tuchangie afya ya akili ya wakulima kuanzia Nane Nane mpaka tarehe 10 Oktoba ambayo ni siku ya afya ya akili duniani, kila Ijumaa anayeweza kupika alete chapati, sambusa au pilau tuuziane wenyewe kwa wenyewe. Maswali niliyoulizwa siku ile ndo nayajibu hapa, na walioniuliza ni watu wazuri tu, tumekuzwa wote tukisikia hayohayo.

Dhana: Shamba hamna stresi, stresi iko mjini.

Ukweli: Baba yangu mdogo analima nyanya Ilula kule Iringa, kwa hiyo naongea kitu nakijua. Mkulima hapangi mvua, hapangi bei, hapangi dalali atafika lini, na nyanya ikishaiva haimsubiri mtu. Mwaka ambao kila mtu kavuna vizuri ndo bei inaanguka, yani jasho lako lenyewe linakugeuka. Wa viazi na vitunguu nao wanafungiwa lumbesa, gunia limeota kichwa juu, na malipo ni kwa gunia sio kwa kilo. Halafu kuna mikopo ya kausha damu, marejesho kila wiki wakati shamba linalipa mara moja kwa msimu, sasa hizo wiki za katikati mtu analipa na nini? Anauza mbuzi, anakopa kule alipe huku, mwisho anaanza kukwepa hata njia inayopita kwenye duka la pembejeo kwa sababu anadaiwa. Na wale wa Rufiji, mafuriko ya Aprili 2024 yalipopita kwenye mashamba yao hawakuwa na wa kumlalamikia. Sisi tarehe ya mshahara tunaijua jamani.

Dhana: Anawaza sana tu, atazoea.

Ukweli: Hii hata mimi niliisema. Bamdogo alikuwa anaamka saa tisa usiku anakaa nje kwenye kigoda mpaka kunakucha, chakula anasukuma, akipigiwa simu anasema nipo tu mwanangu, na sisi tukasema ni mawazo ya msimu, mvua zikirudi atakuwa sawa. Mvua zikarudi, yeye hakurudi. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi hana furaha na chochote, halali usiku, hali chakula, anajiona mzigo kwa wenzake, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa una tiba kama malaria ilivyo na tiba.

Zimbabwe na wao wana neno lao la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza sana, halijapishana na letu. Ila wenzetu hawakuishia kwenye neno. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza Harare na mabibi 14 wa mtaani, wakafundishwa kumsikiliza mtu na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo, wakawekewa mabenchi nje ya kliniki, wakaita Friendship Bench. Utafiti wao uliotoka 2016 ulionyesha baada ya miezi 6 waliokaa na mabibi wale, kama 14 tu kati ya 100 ndo walikuwa bado na dalili za sonona, wakati kwa wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa kama 50 kati ya 100. Mabibi! Na sisi vijijini mabibi na mashangazi wenye busara tunao, hawajapewa tu mafunzo na nauli.

Dhana: Amelogwa.

Ukweli: Anayetaka kuombewa aombewe, sigombani na imani ya mtu, ila na zahanati aende.

Dhana: Ukimuuliza kama anafikiria kujiua, unamtia wazo.

Ukweli: Humtii. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kuuliza hakumsukumi mtu, mara nyingi kunampunguzia mzigo kwa sababu hatimaye kuna mtu kathubutu kulitaja. Duniani watu zaidi ya 700,000 wanajiua kila mwaka na wengi ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, kwa hiyo uliza, kwa upole, mkiwa wawili. Akikwambia ndio, usimhubirie na usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya siku hiyohiyo. Na dawa za shambani zikae kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo ashike mtu mwingine. Kufuli ni kitu kidogo lakini linampa mtu muda, na muda unaokoa.

Dhana: Mkulima anataka mbolea, maneno matupu ya nini?

Ukweli: Mbolea anaitaka kweli na deni lake ni deni kweli, hilo silipingi. Ila mtu ambaye hawezi kutoka kitandani hiyo mbolea ataimwagaje?

Dhana: Elfu tano tano zetu hazifiki popote.

Ukweli: Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko Dodoma, Muhimbili iko huku kwetu, na mtu wa kijijini kabla hajafika hata hospitali ya wilaya anahitaji nauli ya bodaboda na ya gari, mara mbili, na msindikizaji. Watu wanakatisha dawa kwa kukosa hiyo tu. Mchango wa ofisi unalipa nauli, unalipa mafuta ya mhudumu wa afya wa jamii anayezunguka nyumba kwa nyumba, unalipa chai ya kikao cha wakulima ambacho muuguzi wa afya ya akili anapewa nusu saa aongee.

Cha muhimu hela zisikusanywe kwenye simu ya mtu mmoja binafsi, tafuteni asasi iliyosajiliwa inayofanya kazi hiyo, ziende kwenye akaunti yake na risiti irudi kwenye grupu watu waione. Bosi mmoja alitaka twende na bango la hundi tupige picha na wagonjwa. Tulikataa. Kijijini kila mtu anamjua kila mtu, ile picha ingemfuata mtu mpaka kwenye mnada. Bamdogo alipoanza kliniki aliniomba kitu kimoja tu, nikimtumia nauli nisiandike ya nini.