Kumtafuta Mshauri Nasaha: Dhana Zinazopotosha na Ukweli Wake

Neno lenyewe limechangia kutuchanganya. Wengi wetu nchini Kenya na Tanzania tulizoea kusikia "ushauri nasaha" katika miaka ya 2000, lilipoandikwa kwenye mabango ya vituo vya kupima virusi vya Ukimwi kwa hiari, na hadi leo wapo wanaodhani kwamba anayeonekana akiingia kwa mshauri ana ugonjwa anaouficha. Wengine hulichukua kwa maana yake ya kila siku, na hapo ndipo huanza kosa kubwa zaidi.

"Mshauri ataniambia la kufanya."

Mtu aliyelelewa katika jamii ambamo kungwi humfunza mwari na wazee huketi kitako kuamua ugomvi wa ndoa ana haki ya kutarajia kwamba mshauri naye atasikiliza, atatafakari, kisha atatamka: mrudie mumeo, au acha kazi hiyo. Mshauri aliyefunzwa vizuri hafanyi hivyo. Huuliza, humrudishia mteja maneno yake ili ayasikie upya, na humsaidia kupima njia zilizopo pamoja na gharama ya kila moja, lakini uamuzi huuacha mikononi mwa mteja. Hili halimaanishi kwamba hukaa kimya akitikisa kichwa. Katika tiba inayochunguza jinsi mawazo yanavyoendesha hisia na matendo, kwa mfano, unaweza kupewa kazi ya kufanya nyumbani, kama vile kuandika kila siku fikra iliyokujia kabla hofu haijapanda. Anayetoa hukumu juu ya ndoa yako katika kikao cha kwanza, tena baada ya kusikia upande mmoja tu, pengine ni mzee mwenye busara, ila kazi anayoifanya siyo ushauri nasaha.

"Mshauri, mwanasaikolojia na daktari wa akili ni mtu yuleyule."

Daktari wa magonjwa ya akili ni tabibu aliyesomea udaktari wa binadamu kwanza, kisha akabobea katika akili, naye huandika dawa. Mwanasaikolojia amesomea tabia na fikra za binadamu. Hupima na hutibu kwa mazungumzo. Mshauri nasaha amefunzwa kumsaidia mtu katika mambo kama msiba, migogoro ya nyumbani, ulevi au msongo wa mawazo. Asiyelala kwa wiki kadhaa, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayefikiria kujiua, aanzie hospitalini. Tena si kila huzuni hutokana na mawazo: upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kumfanya mtu achoke na anyong'onyee kama mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na kipimo cha maabara ndicho kitakachoonyesha. Bahati mbaya majina ya hospitali za magonjwa ya akili, Mathari kule Nairobi na Mirembe kule Dodoma, yamegeuzwa matusi ya mitaani, kiasi kwamba mtu huona aibu kumwona hata daktari wa akili wa hospitali iliyo karibu naye.

"Cheti kilichotundikwa ukutani kinatosha."

Hakitoshi. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, ambayo iliunda bodi ya kuwasajili watu wa taaluma hizi. Una haki ya kumuuliza mtu amesajiliwa wapi, leseni yake ni ya mwaka gani, na amewahi kushughulikia tatizo kama lako mara ngapi. Lipo pia swali ambalo wateja wachache hulijua: nani anakusimamia? Mshauri makini huwa na mwenzake mzoefu anayemwendea mara kwa mara ili kazi yake ikaguliwe, kwa sababu anayebeba masikitiko ya watu kila siku naye huchoka na hukosea. Asiye na msimamizi, au anayekasirika kwa kuulizwa, mwache.

Hata hivyo, shahada siyo kila kitu. Nchini Zimbabwe, mpango uliobuniwa mwaka 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda uliwafunza wahudumu wa afya wa mitaani, wengi wao wakiwa ni mabibi (akina nyanya), kuzungumza na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi 6 kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Lakini mabibi hao walifunzwa, na walikuwa chini ya usimamizi.

"Nikimweleza, mtaa mzima utajua."

Kutunza siri ni sharti la kazi hii, na mipaka yake ni michache: pale maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini, pale mtoto anapodhulumiwa, au mahakama inapoamuru. Mshauri mzuri huitaja mipaka hiyo kabla hujaanza kusimulia. Katika mji mdogo ambako kila mtu ni binamu ya mwenzake, tahadhari ni ya haki, na maadili ya taaluma yenyewe yanamzuia mshauri kumhudumia jamaa au rafiki yake. Kikao cha simu na mtu wa mji mwingine huweza kufaa zaidi. Wakenya wengine waliogopa kwamba kukiri jaribio la kujiua kungewafikisha polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

"Mwenye imani hahitaji, na maskini hawezi."

Sheikh na padri wana kazi yao, na waumini wengi huwaendea wao na mshauri pia bila mgongano wowote. Kuhusu fedha, hospitali za umma hutoza kidogo kuliko kliniki binafsi, na baadhi ya washauri hupunguza ada kwa asiye na uwezo, ingawa hawalitangazi hilo, inabidi uulize. Nchini Kenya namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo, na 116 ni ya watoto, Kenya na Tanzania pia.

"Nikishaanza na mmoja, kumwacha ni utovu wa adabu."

Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba uhusiano kati ya mteja na mtaalamu ni miongoni mwa mambo yanayohusiana sana na mafanikio ya tiba. Lugha imo humo. Mtu anayeomboleza kwa Kigiriama au Kisukuma atajikuta akifupisha machungu yake anapolazimika kuyasema kwa Kiingereza. Jipe vikao 3 au 4, kisha ujiulize kama unasema yote au unachagua ya kusema. Ukiona hamwendani, huhitaji kutunga safari ya ghafla wala kuacha kupokea simu. Mwambie: "Nashukuru kwa muda wako, ila nahisi nahitaji mtu mwingine, je, kuna unayeweza kunielekeza kwake?" Aliyefunzwa atakupa jina.