Mahindi si ya Wahindi

Ukitaka kupotea njia, liulize jina la chakula likwambie chakula chenyewe kilitoka wapi. Chukua mahindi. Zao hili lilianza kulimwa Mexico, yapata miaka 9,000 iliyopita. Wataino wa visiwa vya Karibi waliliita mahiz, Wahispania wakalidaka jina hilo na kulifanya maíz, na hao angalau walilikuta kwa wenyewe. Sisi wengine tulilipata kwa mkono wa pili au wa tatu, na kila mtu akalipachika kwa nchi aliyoidhania. Waswahili tukasema mahindi, na Hindi imo humo ndani waziwazi. Waturuki wanasema mısır, yaani Misri. Waitaliano wana granoturco, nafaka ya Kituruki. Wagiriki wakasema aravósitos, nafaka ya Kiarabu. Ukiyapanga majina haya kwenye ramani, mahindi yanatoka kila mahali isipokuwa Mexico.

Bata mzinga ni kichekesho zaidi. Ndege huyu naye ni wa Amerika, na waliomfuga kwa muda mrefu kabla ya Wazungu kufika ni watu wa Mexico. Mwingereza akamwita turkey, kwa sababu alikuwa tayari amezoea kanga walioingia Ulaya kupitia biashara ya himaya ya Waturuki, na alipoletewa ndege huyu mkubwa akamchanganya na kanga. Mturuki hataki lawama hiyo: kwake ndege huyu ni hindi. Mfaransa anaafiki, dinde ni mkato wa maneno yenye maana ya kuku wa India, ingawa zama hizo Wazungu waliita hata Amerika "India". Mreno akasema peru, kwa jina la nchi ya Peru. Mholanzi anasema kalkoen, akimsingizia bandari ya Calicut huko Malabar, pwani ya India. Mmalei, aliyetawaliwa na Mholanzi huyohuyo, akamwita ayam belanda, kuku wa Kiholanzi! Kiswahili kilijitoa kwenye kesi hiyo mapema, kikasema bata mzinga, na hakuna nchi iliyotajwa.

Watu husoma orodha kama hizi wakacheka ujinga wa mababu. Mimi nadhani mababu hawakuwa wajinga hata kidogo. Walichoandika ndani ya jina ni mkono uliowapa, na kuhusu mkono huo mara nyingi walikuwa sahihi. Shamba la kwanza lilikuwa mbali, hawakulijua wala halikuwahusu. Kwa sisi tunaofuatilia asili ya maneno, hilo ndilo lenye thamani: jina la chakula ni ushahidi mzuri wa njia na ushahidi mbovu wa chimbuko. Mtaalamu wa mimea ndiye wa kuulizwa chimbuko.

Tazama pera. Tunda hili ni la Amerika ya kitropiki, na Wahispania walilichukua na jina lake la Kiarawaki, lugha za wenyeji wa Karibi na Amerika ya Kusini: guayaba. Wareno walipolisambaza kwenye bandari za Bahari ya Hindi, jina lililoshika kwa wenyeji ni pera, ambalo kwa Kireno ni tunda jingine kabisa, lile la nchi za baridi lenye shingo nyembamba na kitako kipana. Kufanana kwa umbo kulitosha. Neno hilohilo la Kireno limo kwenye Kibengali kama peyara na kwenye Kimarathi kama peru, na kote huko maana yake ni pera letu hili lenye mbegu nyingi. Kihindi hakikumfuata Mreno. Kwa Kihindi pera ni amrud. Sasa amrud ni neno la Kiajemi, na kwa Kiajemi ni nini? Ni lile tunda la nchi za baridi lenye shingo; Mturuki mpaka leo analiita armut. Yaani lugha mbili, kila moja kwa mkopo wake, zimeliangalia tunda geni na kulipa jina la tunda lilelile la zamani. Mfano kama huu huwa naupenda kuliko yote, maana hakuna aliyeiga kwa mwenzake.

Kwa viazi hali ni hiyohiyo na sitakaa hapo sana: Mfaransa, Mholanzi na Mwajemi, kila mmoja kwa maneno yake, wanakiita tufaha la ardhini. Jina la zamani huvutwa tu mpaka limfunike mgeni.

Wakati mwingine jina hubaki palepale na kinachobadilika ni yaliyomo. Kechapu ilianzia kwenye neno la Kihokkien la kusini mwa China, lililotaja mchuzi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi. Ikapita kwa Wamalei, wafanyabiashara wa Kiingereza wakaipeleka kwao, na wapishi wa huko wakaanza kuitengeneza kwa uyoga, kwa kokwa za jozi, hata kwa chaza. Nyanya iliingia baadaye sana. Mapishi ya James Mease wa Philadelphia, ya mwaka 1812, ni kati ya ya mwanzo kabisa kuchapishwa. Na Indonesia leo ukiomba kecap utaletewa mchuzi mweusi wa soya.

Lakini nikiambiwa nichague neno moja la kumwonyesha mwanafunzi jinsi kazi hii inavyofanyika, nitachagua sukari guru. Tuanze na sukari. Kwa Kisanskriti, śarkarā ilikuwa changarawe, vijiwe vidogo. Juisi ya muwa ilipochemshwa ikaganda kuwa punje, punje zile zikaitwa changarawe. Waajemi wakasema shakar, Waarabu sukkar, na kuanzia hapo njia zikagawanyika. Wahispania walilimeza pamoja na kitambulishi chake cha Kiarabu, ndiyo maana wana azúcar, na hiyo a ya mwanzo ni mabaki ya "al". Waitaliano walilichukua tupu: zucchero. Sisi pia tulilichukua tupu.

Guru je? Hilo halikupitia kwa Waarabu. Ni guṛ ya lugha za Bara Hindi, yenye asili ya Kisanskriti guḍa, donge la mviringo. Kwa hiyo maneno haya mawili yanayokaa bega kwa bega ni ndugu wa nchi moja waliofika kwa njia mbili: mmoja alizunguka Uajemi na Uarabuni, mwingine akavuka bahari moja kwa moja. Kiingereza nacho kina kisa kinachofanana na hiki, ila chenyewe kimelikopa neno moja mara mbili bila kujua. Sugar inatoka śarkarā kupitia Kiarabu. Jaggery, ambayo ndiyo sukari guru yenyewe, inatoka śarkarā hiyohiyo kupitia Kimalayalam, lugha ya kusini mwa India, na Kireno. Huwezi kuligundua hilo kwa kuyatazama tu maneno. Unayarudisha nyuma hatua kwa hatua, na kila hatua uulize: nani alikutana na nani, na sauti gani isingeweza kupita kinywa kipi?

Sauti ndizo zinazoamua hata kwa chai. Kuna ramani maarufu inayosema lugha zilizopata majani haya kwa nchi kavu zinasema cha, na zilizoyapata kwa bahari zinasema te, matamshi ya Kichina cha Fujian yaliyosambazwa na meli za Waholanzi. Ni ramani nzuri, ila ina tobo: Wareno waliyapata kwa bahari na wanasema chá, kwa sababu wao walikuwa Macau, wanakozungumza Kikantoni. Na chai ya Kiswahili? Ile i ya mwisho ndiyo inayosema. Kichina hakina i hiyo, Kireno hakina. Waajemi wanayo, Wahindi wanayo. Basi tunajua tuliipata upande upi.

Hadithi tamu ndizo zinazonitia mashaka. Utasikia kwamba askari wa Kirumi walilipwa chumvi, ndiyo sababu Waingereza wakaita mshahara salary. Ni kweli kwamba salarium ya Kilatini imejengwa juu ya sal, chumvi. Ila hakuna mwandishi wa enzi hizo anayesema askari walipewa chumvi kama malipo. Hilo ni nyongeza ya watu wa baadaye waliotaka kisa kikamilike. Mshahara wetu hauna utata huo: ni Kiarabu, mushāhara, malipo ya kila mwezi, kutoka shahr, mwezi. Uzito wa sal unaonekana kwingine. Saladi ni mboga iliyotiwa chumvi. Sosi ni kitu kilichotiwa chumvi. Soseji na salami, vilevile. Maneno manne ambayo Mswahili anayatumia bila kuwaza, na yote yana shina moja.

Parachichi nalo limeandamwa na hadithi. Mitandaoni wanapenda kusema kwamba āhuacatl ya Kinahuatl, lugha ya Waazteki wa Mexico, asili ya aguacate na avocado, ilimaanisha korodani. Āhuacatl ilikuwa jina la tunda. Hiyo maana nyingine ni utani wa umbo uliokuja juu yake. Kinachonivutia mimi ni kilichotokea baadaye: masikio ya Kihispania yalilisogeza karibu na neno lao la wakati huo la wakili, na Mfaransa mpaka leo anatumia avocat kwa wote wawili, tunda na mtetezi wako mahakamani.

Nimalizie na mkate, maana umejificha kwenye maneno ambayo hayanukii jikoni hata kidogo. Kampuni ni mkopo wa Kiingereza, company, na nyuma yake kuna Kilatini cum na panis, "pamoja na mkate": watu wanaokula mkate mmoja. Upande wa lugha za Kisemiti mambo ni mazito zaidi. Lehem kwa Kiebrania ni mkate, nayo lahm kwa Kiarabu ni nyama, shina likiwa moja; inaelekea hapo kale lilitaja chakula kikuu, kila jamii ikabaki na chake. Na kwa Wamisri mkate unaitwa ʿēsh, kutoka shina la Kiarabu la kuishi, ambalo ndilo limetupa kitenzi ishi na nomino maisha. Ukivuka kwenda nchi za Ghuba, neno hilohilo si mkate tena, ni wali. Mtafsiri anayekutana nalo lazima kwanza aulize mwandishi alikuwa wa wapi, la sivyo atawapa wageni mkate kwenye karamu waliyopikiwa wali.