Kuskani si mwisho wa kazi

Hapa Mombasa wengi twaamini makaratasi ya zamani yakishaskaniwa basi, kijana yeyote mwenye simu aweza. Kwa macho yaonekana hivyo kweli. Ila kuskani ndiyo sehemu fupi, mfanyakazi yataka afunzwe kushika karatasi iliyolegea kwa unyevu wa pwani, kuandika maelezo, kuweka kopi mahali tofauti, na faili likibaki na jina la kamera tu kama IMG_0047 utalipata vipi baada ya miaka 10? Barua ya Kiswahili cha herufi za Kiarabu nayo yasomwa kulia kwenda kushoto, asojua kuisoma aweza kupanga kurasa kinyume, ya mwisho ikawa ya kwanza. Jaribu mwenyewe: fungua picha, izumu mpaka neno moja lijae skrini, ukiona ukungu mtupu haikuskaniwa vizuri. Halafu tafuta kwa jina la mwandishi au mwaka uone kama yaja.