Megawati za Rufiji na transfoma ya mtaani kwako

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu msomi kabisa: "Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, sasa umeme mdogo huku kwetu unatoka wapi?" Wengine huongeza kwamba dawa ni bwawa jingine. Hapana jamani.

Mashine zile tisa za Rufiji, kila moja megawati 235, zinapeleka umeme Chalinze kwa laini ya kilovolti 400. Kutoka hapo unashushwa ngazi kwa ngazi, kilovolti 33, kisha 11, hadi transfoma ya mtaani inayotoa volti 230 kati ya fezi (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaorudisha). Hata ifungwe mashine ya kumi leo, transfoma ile haitaongezeka nguvu.

Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, moshi wa mkaa umewatesa mama zetu vya kutosha. Lakini laini nyingi za mitaani zilipigiwa hesabu ya taa, televisheni, friji na pasi. Jiko la presha la umeme hula karibu wati 1,000, la sahani mbili 2,000 au zaidi, na mtaa mzima unapika kati ya saa moja na saa tatu usiku.

Hapo watu hudai transfoma kubwa, na hapo ndipo uvumilivu unaniisha. Transfoma ya kVA 100 (hicho ni kipimo cha uwezo wake) ina fezi tatu, nyekundu, njano na bluu, na hutoa kama ampea 144 kwa kila fezi. Ni ndoo tatu, si pipa moja. Nyumba nyingi zina fezi moja tu, na fundi akiunga mteja mpya hushika waya ulio karibu na ngazi yake. Miaka inapita, fezi nyekundu inabeba nusu ya mtaa. Tuseme unabana mita ya ampea kwenye kila waya saa mbili usiku: nyekundu ampea 170, njano 70, bluu 50. Jumla 290 kati ya 432. Transfoma ina nafasi tele, ila fyuzi ya nyekundu inaungua kila wiki! Tofauti ya fezi inarudi kupitia nyutro, nayo inapasha waya. Mkondo ukiongezeka mara mbili, umeme unaopotea kwenye waya huongezeka mara nne.

Nenda sasa nguzo ya mwisho, ukute volti 180. Jiko la wati 1,000 linatoa kama 610 tu. Maharage yanagoma kuiva, mama anarudi kwenye mkaa, halafu linalaumiwa jiko. Kuhamisha nyumba kadhaa kwenda njano na bluu ni kazi ya ngazi na koleo. Ikishindikana, ndipo uigawe laini na kufunga transfoma nyingine ndogo karibu na watu.

Sola ya paani? Nzuri, ila bila betri haikusaidii saa mbili usiku. Tena transfoma nyingi za mitaani hubadilishwa tepu, yaani swichi ya kupandisha au kushusha volti, zikiwa zimezimwa: ukiipandisha kuokoa usiku, mchana sola zinasukuma volti juu kupita kiasi.

Kinachoninyima usingizi ni makadirio ya majiko mangapi yatavuta umeme kwa pamoja. Vitabu vina namba, nami naitumia kwa mashaka, maana haikupimwa kwenye mitaa inayosonga ugali. Jiko la presha likishapata joto hujizima na kujiwasha, hiyo ni nafuu. Lakini Ramadhani ikiingia, futari inaivishwa kila nyumba kabla ya magharibi, na hesabu nzima inasogea.

Kwa hiyo mkiandika barua ya kuomba transfoma, ombeni kwanza vipimo vya fezi zote tatu na volti ya nguzo ya mwisho, vilivyochukuliwa usiku watu wakiwa wanapika. Vya saa nne asubuhi msivikubali, saa hizo mtaa mzima uko kazini.