Makadirio ya pai: tulizungushie Ziwa Victoria kamba

Pai ni namba inayoeleza kipenyo cha duara kinaingia mara ngapi kwenye mzingo wake. Zungusha uzi kwenye mdomo wa sufuria, ukate pale unapokutana, kisha upime una vipenyo vingapi vya mdomo huohuo. Utapata vitatu na kipande kidogo kitabaki. Pima ringi ya baiskeli au msonge wa Kisukuma, jibu ni lilelile. Hicho kipande kidogo ndicho kilichowashughulisha watu kwa zaidi ya miaka 3,000.

Shida yake ni kwamba hakiandikiki chote. Pai huanza 3.14159265 na kuendelea, na desimali zake haziishi wala haziingii kwenye mzunguko wa kujirudia. Katika miaka ya 1760, Johann Heinrich Lambert alithibitisha kwamba huwezi kuiandika kama sehemu yenye namba nzima juu na chini. Kwa hiyo kila anayepiga hesabu ya duara huchukua namba iliyo karibu na pai, akaridhika nayo. Namba hiyo ndiyo tunayoiita makadirio ya pai, na yapo mengi, mengine matamu sana.

Tuanze na tunayoijua wote. "Tafuta mzingo wa duara lenye kipenyo cha sm 14. Tumia π = 22/7." Ile alama ya "sawa na" imewafanya wengi wamalize shule wakiamini kuwa 22/7 ndiyo pai yenyewe. Siyo. Gawanya 22 kwa 7 upate 3.142857142857..., na hizo tarakimu 142857 zitajirudia bila mwisho, jambo ambalo pai haifanyi. (Zina mchezo wake pia: zidisha 142857 kwa 2 upate 285714, kwa 3 upate 428571. Tarakimu zilezile, zikifuatana vilevile, ila zimeanzia mahali pengine.) Archimedes wa Siracusa, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alilibana duara kati ya maumbo mawili yenye pande 96, moja ndani na jingine nje, akaonyesha kuwa pai ni kubwa kuliko 223/71 na ni ndogo kuliko 22/7. Yaani kwake 22/7 ilikuwa dari ambayo pai haiifikii.

Sasa, inakosea kwa kiasi gani? Twende ziwani. Eneo la Ziwa Victoria ni takriban kilomita za mraba 68,800. Mwambao wake halisi una ghuba na rasi nyingi mno, unapita kilomita 3,000. Lakini tulifinyange ziwa lote liwe duara safi lenye eneo hilohilo: nusu kipenyo kitakuwa kilomita 148, kipenyo 296. Tunataka kukata kamba ya kulizunguka, ianzie Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, irudi hapohapo Mwaloni. Kamba sahihi ni ya kilomita 929.91 hivi.

Anayetumia 3 tupu atakata kilomita 888. Atabaki na pengo la kilomita 42, karibu mara 14 ya Daraja la Kigongo–Busisi lenye kilomita 3. Huyo tumwache.

Anayetumia 3.14 atapungukiwa na mita 471. Anayetumia 22/7 atazidisha mita 374. Hapa wengi hushangaa: sehemu ya shule ya msingi imeishinda 3.14, ambayo huonekana ya kitaalamu zaidi kwa sababu ya nukta yake. Tena 22/7 inazidi, haipungui, na kamba iliyozidi unaweza kuipigia fundo. Kwa fundi wa Nyakato anayekunja bati la tangi lenye kipenyo cha mita 1.4, kosa lake ni chini ya milimita 2.

Ndiyo maana naipenda tarehe 22 Julai. Wamarekani huanza na mwezi, kwa hiyo kwao 14 Machi ni 3/14, na siku hiyo UNESCO iliitangaza mwaka 2019 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Sisi tunaanza na siku, tunaandika 22/7. Siku yetu iko karibu zaidi na pai kuliko yao, na shule za Mwanza zingefanya vizuri kuisherehekea kwa nyuzi na masufuria.

Ila sehemu nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni 355/113. Aliipata Zu Chongzhi wa Uchina katika karne ya 5. Kuikumbuka ni rahisi: andika 113355, kata katikati, nusu ya pili iwe juu na ya kwanza iwe chini. Irudishe kwenye kamba yetu: kosa ni sentimita 8 tu, urefu wa dagaa mmoja aliyekomaa vizuri, kwenye kilomita 930! Hakuna sehemu yenye asili (namba ya chini) isiyofika 16,000 inayoikaribia pai kuliko hii.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, itabidi uachane na sehemu za kawaida. Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati wa India, alitoa moja mwaka 1914 ambayo unaweza kuijaribu sasa hivi kwenye simu. Fungua kikokotoo, gawanya 2143 kwa 22, kisha tafuta kipeuo cha pili mara mbili mfululizo. Utaona 3.14159265258, wakati pai ni 3.14159265358. Kamba ya kuzunguka ziwa zima ukiikata kwa namba hiyo, itapungua kwa milimita 0.3.